Masoud Kitwana Sita na Posa Moja

Barua ya posa iliingia nyumbani kwa kaka yangu Mikdad siku ya Jumamosi, na kufikia Jumapili adhuhuri nilikuwa nimeshagombana na watu watatu kwa sababu yake. Yenyewe ilikuja na heshima zake zote, imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe, imeletwa na mshenga aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hata akaogopa kuketi. Kijana anaitwa Masoud Kitwana, wa mtaa wa Dunda. Anamtaka Nasrin, binti wa kaka. Kazi yake, barua ilisema, ni "mtafiti na mwandishi wa machapisho ya kitaaluma".

Alipofika hapo kaka alivua miwani akanitazama mimi. Mke wake Ashura naye akanitazama mimi.

Mimi naitwa Dija. Nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Bagamoyo, nikastaafu na goti bovu na hasira nzima. Nimeolewa mara mbili na kuachika mara mbili, kwa hiyo ukoo mzima unaamini kwamba vitabu navijua na wanaume nawajua. Kwenye vitabu hawajakosea.

Kwetu posa haijibiwi hivi hivi. Kijana lazima achunguzwe, na haulizwi mwenyewe, maana hakuna muuza maziwa atakayekwambia ametia maji. Wanaulizwa majirani, wanaulizwa wa msikitini, anaulizwa mwenye duka. Majirani wa Dunda walishaulizwa na wakasema ni mpole, lakini kwa miaka miwili sasa kijana anafanya kazi Dar, kwenye shirika moja la mazingira, na majirani wa Dar hawajuani hata wao kwa wao.

"Basi," kaka akasema, "machapisho ya mtu ndiyo majirani zake wengine. Kayasome, Dija, uje utuambie huyu ni mtu wa namna gani. Mshenga tumemwahidi jibu Ijumaa baada ya swala."

Nasrin alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, anasikiliza. Ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi kwenye steshenari iliyo jirani na chuo, anachapa kazi za watu na kutoa fotokopi, na maneno yake ni machache. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu asubuhi nikaenda maktaba. Siku hizi mkuu wake ni Gertruda, niliyemfundisha kazi mwenyewe tangu hajui kupanga kitabu kwenye rafu.

"Shikamoo, mama Dija."

"Marahaba. Niwashie kompyuta. Natafuta mwandishi."

Gertruda akafungua hazina za vyuo za mtandaoni, moja baada ya moja, na kila moja tukaiandikia jina: Masoud Kitwana. Zikatoka kazi thelathini na nne. Nikafurahi. Nikasema, kumbe kijana hachezi! Furaha hiyo ilidumu mpaka tulipoanza kusoma vichwa vya habari.

Huku pwani mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake. Masoud humzaa Kitwana, Kitwana humzaa Masoud, Masoud humzaa Kitwana, na watakwenda hivyo hivyo mpaka parapanda ilie. Simama soko la samaki uite "Masoud Kitwana!" watageuka wanne, na wa tano ataitikia kutoka msalani. Kompyuta haina habari na mambo haya. Ilikuwa imewakusanya wote kwenye orodha moja, wakawa mtu mmoja asiyelala.

"Wangekuwa na majina ya ubatizo ingekuwa nafuu," Gertruda akasema.

Nikamwambia anyamaze, aendelee kusogeza kipanya.

Hapa nikiri kosa langu. Mtu wa maktaba aliyefunzwa hutenganisha waandishi kwanza, kisha ndipo hufungua mdomo. Mimi nilikuwa na hamu ya kuonekana nimefanya kazi. Nikanakili orodha nzima kama ilivyo, nikapanda bajaji, na baada ya swala ya alasiri nikakaa barazani kwa kaka nikaanza kuwasomea.

"'Minyoo ya Tumbo katika Mbuzi wa Dodoma.'"

"Kazi ya halali," kaka akasema.

"'Uimara wa Zege Lililochanganywa na Majivu ya Pumba.'"

Kaka akasogeza kiti. Ukuta wa uani kwake umepasuka tangu masika, na kila fundi anayekuja huuangalia, hutikisa kichwa na kuondoka. "Zege hilo limeelezwaje?"

"'Mchango wa Ndoa za Wake Wengi katika Uchumi wa Kaya.'"

"Yarabi toba!" Ashura akaruka. "Bado hajaoa wa kwanza, keshapiga hesabu ya wengine!"

"'Kukoroma na Athari Zake kwa Mwenza: Ushahidi kutoka Kaya Arobaini.'"

"Kaya arobaini!" Ashura akashika kichwa. "Kalala wapi na wapi huyo mtu, mpaka akajua kaya arobaini zinakoroma?"

"'Maradhi ya Minazi ya Ukanda wa Pwani.' Hii ya mwaka elfu moja mia tisa sabini na moja."

Kaka akahesabu kwa vidole, akarudia, akatua mkono kwenye goti. "Huyu si kijana. Huyu ni mzee, anajipaka piko kuficha mvi."

"Nilimwona kwenye harusi ya kina Zaina," Ashura akasema, "kichwa cheusi tii."

"Ndiyo piko yenyewe hiyo."

Jumanne mambo yakaharibika zaidi. Gertruda alinipigia simu kwamba amepata makala nyingine, nikamwambia anisomee, na kwa kuwa nilikuwa barazani kwa kaka nachua goti kwa mikono miwili, nilikuwa nimeweka simu kwenye sauti kubwa. Ilikuwa kumbukumbu ya marehemu Masoud Kitwana, bingwa wa minyoo ya mbuzi, aliyefariki mwaka tisini na nane.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," kaka akasema. Kisha akakunja uso. "Sasa posa kaleta nani?"

Ashura hakungoja jibu. Nilimkuta mlangoni keshajitanda khanga, anataka kwenda Dunda kuwapa pole wafiwa, na ilibidi nimshike mkono kwa nguvu.

"Kaeni chini nyote!" nikapaza sauti. "Hawa ni watu wengi. Nitawatenganisha mmoja mmoja, na mtu asiondoke humu kwenda msibani wala harusini mpaka nimalize!"

Makala nyingi za kitaaluma huwa na anwani ya mwandishi, na penye anwani hapakosi namba ya simu kwa anayejua kuomba. Nikaanza na yule wa wake wengi, mhadhiri huko Mwanza. Baada ya salamu nikamuuliza bila kuzunguka: ana wake wangapi?

"Sina hata mmoja, mama," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli. "Tangu nitoe ile makala nimeposa mara tatu. Kwanza wanaisoma."

Nikampa pole nikakata simu.

Wa kukoroma ni daktari Tanga. Simu ilipokelewa na mkewe, na nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakohoa. "Usihangaike, dada yangu. Kaya ya kwanza ni hii hii yangu. Hizo thelathini na tisa aliziongeza ili nisijione nimelengwa."

Wa zege ni mhandisi wa Dodoma. Huyo sikumfaidi. Kaka alininyang'anya simu, akatoka nayo uani, na kwa nusu saa nzima nilimsikia akieleza ufa, urefu wake na unapokatia kona. Aliporudi uso ulikuwa umemng'aa.

"Dija," akasema taratibu, "huyu wa zege, ameoa?"

"Kaka! Hakuposa huyo!"

"Nimeuliza tu."

Marehemu wa minyoo alikuwa mtu wa Dodoma, hana undugu na yeyote wa hapa. Na yule wa minazi alitufungua macho: alikuwa babu yake kijana mwenyewe, bwana shamba wa zamani, kalala zake makaburini Dunda miaka mingi. Ashura akafurahi kwamba mkwe hajipaki piko. Kaka akasema hilo bado halijathibitika.

Kwa hiyo Jumatano nilikuwa nimewapata Masoud Kitwana watano, kila mmoja na kazi zake, jumla thelathini na nne. Nikahesabu tena. Thelathini na nne. Kijana wetu, huyo mtafiti na mwandishi, hakuwa na hata moja.

"Basi mwongo," kaka akasema. "Kesho kutwa tunajibu hapana, na mshenga achukue kitambaa chake."

Pazia likasogea. Nasrin akatoka akaja kukaa karibu yangu, jambo ambalo wiki nzima hakulifanya.

"Shangazi, anayo moja," akasema. "Ni tasnifu yake ya shahada. Ukulima wa mwani, Mlingotini. Aliikabidhi hapo hapo chuoni miaka miwili iliyopita. Kama hamuioni kwenye kompyuta, itakuwa haijapandishwa."

"Wewe umejuaje?"

"Wanafunzi wote wanapita steshenari." Akaniangalia usoni. "Itafute, shangazi. Na ukiipata niletee yote, tangu ukurasa wa mwanzo."

Moyo wangu ukalainika. Nikasema, mtoto kapenda. Na hapo kazi ikabadilika. Mwanzo nilikuwa nafanya kwa ajili ya sifa. Sasa nikataka kijana yule awe msafi, aonekane, asimame mbele ya kaka na karatasi zake mkononi, ili Nasrin ampate. Niliomba dua kwa ajili ya tasnifu, jambo ambalo sikulifanya kwa ndoa zangu zote mbili.

Alhamisi Gertruda alinipeleka stoo ya nyuma. Mtunza stoo, Bwana Oswaldi, ni mtu mzuri, lakini mvua zikinyesha maji huingia hadi kwenye vifundo vya miguu, na yeye amejitafutia ufumbuzi. Meza yake ilikuwa imeinuliwa juu ya tasnifu, nne nne chini ya kila mguu.

"Zimejalidiwa vizuri," alijitetea. "Hazibonyei."

"Bwana Oswaldi, inua meza."

"Yote?"

"Inua, nisije nikakuinua wewe!"

Tulimkuta chini ya mguu wa tatu: Masoud Kitwana, Ukulima wa Mwani na Kipato cha Wanawake wa Mlingotini. Jalada lilikuwa na duara la mguu wa meza, ndani kurasa zote zilikuwa nzima. Gertruda akaniazima kwa siku moja, akanitaka nitie saini mara mbili kama mgeni, na sikumgombeza.

Kwenye bajaji nilifungua kurasa za Shukrani. Zilikuwa nne. Kabla sijafika nyumbani machozi yalikuwa yananitoka. Kijana aliyeshukuru hivi, nilijiambia, kalelewa.

Nikawaita wote barazani, Nasrin naye, na safari hii kwa furaha. Nikasoma kwa sauti ya redio.

Alimshukuru Mwenyezi Mungu. Aliwashukuru wazazi wake, Mzee Kitwana Masoud na mama yake. Alimshukuru babu yake ambaye jina lake analibeba. Alimshukuru msimamizi wake, na mke wa msimamizi kwa chai. Aliwashukuru wenzake wa darasani kumi na tisa, kwa majina. Alimshukuru mama wa chapati wa getini. Alimshukuru dereva wa bajaji aliyempeleka Mlingotini na kumngojea. Alimshukuru paka wa bweni, "kwa kuwafukuza panya kipindi cha mitihani".

"Paka!" kaka akapiga goti kwa kicheko. "Mtu anayemkumbuka paka, mke atamsahau vipi? Mimi nimeridhika."

"Nami nimeridhika," Ashura akasema, anajifuta macho na ncha ya khanga. "Endelea, wifi."

"'Mwisho, nalishukuru jenereta la steshenari, lililofanya kazi bila kuchoka kila umeme ulipokatika.'" Nikafunga. "Basi. Kijana ana adabu mpaka kwa mashine."

Kaka akainuka kwenda kumpigia mshenga.

"Geuza ukurasa, shangazi," Nasrin akasema.

"Nimemaliza, mwanangu. Nyuma kuna orodha ya majedwali."

Alininyooshea mkono, nikampa. Alisoma kurasa zile nne mwenyewe, kidole kikitembea chini ya kila mstari, kutoka kwa Mwenyezi Mungu hadi kwenye jenereta, kisha akarudi akasoma tena. Hakuna aliyemharakisha. Tulidhani ni furaha.

"Jenereta lile nilikuwa naliwasha mimi," akasema. Akaifunga tasnifu, akaiweka mapajani pangu. "Mjibuni hapana."

Hasira ilinipanda kutoka gotini. "Nasrin! Siku nne mimi sina raha! Nimemvua wake wengi, nimemtibu kukoroma, nimemfufua kwa wafu, nimemtoa chini ya meza kwa mikono yangu, halafu unasema hapana?"

"Shangazi, fungua sura ya nne. Pameandikwa mtafiti aliwahoji wanawake mia moja na kumi na wawili."

"Ndiyo. Kazi kubwa."

"Alikwenda siku ya kwanza. Akasimama kwenye maji amekunja suruali, akaanza kuwauliza wanawake wanapata shilingi ngapi na waume zao wanajua au hawajui. Wakamcheka, wakampa kisogo. Hawakumjibu hata mmoja. Akarudi dukani anataka kulia. Nikamwambia niache niende mimi." Alisema yote haya bila kupandisha sauti. "Nilikwenda kila Jumapili kwa miezi mitano. Niliingia majini nao nikafunga mwani kwenye kamba nao, ndipo wakasema. Wote mia na kumi na wawili nimewahoji mimi, na majibu yao nimeyachapa mimi, na Kiswahili chake nimekinyoosha mimi. Sehemu moja tu sikuichapa. Hiyo ya Shukrani alisema ataichapa mwenyewe, ni siri, nitaiona siku moja. Nikajua nimo. Miaka miwili, shangazi, nimekaa najua nimo."

Kaka alikuwa bado ameshika simu. "Lakini, mwanangu," akasema kwa upole, "kwa sababu ya kurasa nne tu?"

"Kamkumbuka paka, baba."

Ashura akaanza kulia, na safari hii kilio kilikuwa kingine. Mimi nilikaa na tasnifu ile mapajani, nzito kama tofali, na hasira yangu yote ikakosa pa kwenda. Nilikuwa nimewapigia simu Mwanza, Tanga na Dodoma. Nilikuwa nimemuuliza mke wa daktari, na maskini yule mhadhiri, na Oswaldi, na karibu nimuulize marehemu. Nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja anayemjua Masoud Kitwana huyu ndani na nje, analala chumba cha pili, anatupikia chai, na hakuna aliyemuuliza. Nami mwenye kazi ya kutafuta waandishi ndiye niliyepaswa kujua. Niliona haya, na haya hizo sijazimaliza mpaka leo.

Barua za ukoo huziandika mimi. Ijumaa asubuhi nikakaa na karatasi, nikaandika majibu ya posa yenye matusi kumi na moja, nikayahesabu, nikaona bado hayatoshi. Nasrin akaja akaisoma, akaichana polepole, akachukua kalamu. Aliandika mistari michache tu, akaenda zake kazini.

Kaka aliisoma kabla ya kutoka kwenda msikitini, amesimama, kofia mkononi:

"Kwa Bwana Masoud Kitwana. Assalaam alaykum. Posa yako tumeipata na kazi yako tumeisoma, kuanzia jalada hadi mwisho. Binti yetu tulimtafuta humo hatukumwona. Kwa hiyo na nyumbani kwako hutamwona. Tunakutakia kheri. Wasalaam."

Akairudia. Akatafuta kiti akaketi.

"Barua nzuri hii," akasema. "Fupi, haina tusi, na inauma. Dija, umejitahidi." Akatoa kalamu mfukoni atie saini, maana majibu ya posa hutiwa jina la baba, na tangu Bagamoyo iwe Bagamoyo sijaona yaliyotiwa jina la binti.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuitikia sifa. Nakiri hilo pia.

"Sikuandika mimi," nikamwambia, nikaweka kidole pale chini palipokuwa patupu. "Kaandika Nasrin. Mwite kutoka kazini aje atie jina lake."